Umeomba Firefox ya apt, imekuja ya Snap: kasoro iko kwenye jina la faili

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nina laptopu ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4 na "hadi diski" (hard disk) ya kawaida, nimeweka mfumo wa Linux wa Ubuntu 24.04. Firefox iliyokuja nayo ni ya Snap (njia nyingine ya Ubuntu ya kusakinisha programu), na nikiiwasha asubuhi inachukua muda mrefu kufunguka. Nilifuata maelekezo ya kuongeza hazina ya Mozilla (seva yao ya kupakulia programu), nikatengeneza faili la kipaumbele nikaliita mozilla.txt ndani ya /etc/apt/preferences.d, kisha nikaandika sudo apt install firefox. Ikaniambia tayari ninalo toleo jipya kabisa. Nikaiondoa, nikaandika tena amri ileile: imerudi ya Snap vilevile, na bando langu la wiki limeisha. Nina pia kompyuta nane za maabara ya shule zisizo na intaneti, nataka nazo ziwe hivyohivyo. Ninakosea wapi?

Jibu:

Mwalimu, pole na bando. Kazi yote umeifanya sawasawa, umekwamishwa na nukta moja na herufi tatu. Ndani ya folda ya preferences.d, apt, yaani chombo cha Ubuntu cha kusakinisha programu kutoka kwenye hazina, husoma mafaili ya aina mbili tu: lile ambalo jina lake halina nukta na kiambishi chochote mwishoni, na lile linaloishia na .pref. Faili linaloitwa mozilla.txt hulipita. Tena haikwambii kwa sauti. Huandika mstari mmoja unaoanza na herufi N, wenye maneno "Ignoring file", kisha inaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Mstari wa hitilafu huanza na herufi E, na wengi tumezoea kutafuta E peke yake. Kuanzia leo isome na mistari ya N.

Badilisha jina la faili hivi:

sudo mv /etc/apt/preferences.d/mozilla.txt /etc/apt/preferences.d/mozilla

Kisha lifungue uhakikishe lina mistari hii mitatu, kila mmoja kwenye mstari wake. Ukinakili kutoka kwenye simu, mistari hupenda kujibana ikawa mmoja, na hapo faili linakuwa halina maana tena.

Package: *
Pin: origin packages.mozilla.org
Pin-Priority: 1000

Usikimbilie kusakinisha. Kwanza andika sudo apt update, halafu hii:

apt policy firefox

Hii ndiyo amri ninayotaka uizoee kuliko zote nitakazokutajia leo. Haipakui wala haigusi kitu. Inakuonyesha toleo ulilonalo, toleo ambalo apt ingelichukua ungeiambia isakinishe sasa hivi, na hazina ambayo kila toleo linatoka. Tazama mstari wa Candidate. Ukiona namba inayoanza na 1:1snap1, bado hujafika. Ukiona namba ya kawaida ya Firefox, na chini yake anwani ya packages.mozilla.org yenye 1000 kando yake, umefika.

Sasa nikueleze kwa nini apt ilikwambia "tayari unalo toleo jipya kabisa", kwa sababu ukilielewa hili hutahitaji kukariri maelekezo ya mtu.

Ubuntu waliihamishia Firefox kwenye Snap kwa hatua. Chromium ilitangulia, kwenye toleo la 19.10. Firefox ikafuata kwenye 21.10, na ilipofika 22.04, mwezi wa 4 mwaka 2022, kifurushi halisi cha Firefox kiliondolewa kabisa kwenye hazina ya Ubuntu. Kilichobaki humo kwa jina la firefox ni ganda tu. Ndani yake hamna kivinjari, mna maagizo ya kuiambia Snap iende ikailete Firefox. Unaponunua mbuzi kwenye gunia ndivyo inavyokuwa: apt inakwambia inahitaji kupakua kilobaiti chache, unabonyeza Y kwa amani, halafu Snap inaanza kuvuta mamia ya megabaiti ambayo hukuulizwa. Bando lako limeishia hapo. (Ninaposema kifurushi humu namaanisha kifurushi cha programu. Cha intaneti nakiita bando, tusichanganye.)

Ganda hilo limepewa namba ya toleo 1:1snap1. Ile 1 iliyo kabla ya nukta mbili ndiyo yenye nguvu. apt inapolinganisha matoleo mawili huanza na tarakimu iliyo kabla ya nukta mbili, na kama kifurushi hakina nukta mbili, tarakimu hiyo huhesabiwa kuwa 0. Firefox ya Mozilla haina. Kwa hiyo hata Mozilla wakitoa Firefox ya 500, machoni pa apt ganda la Ubuntu ni jipya zaidi, kwa sababu 1 imeishinda 0 kabla ya kingine chochote kutazamwa. Hazina zote mbili zina kipaumbele cha kawaida cha 500, na vipaumbele vikilingana, mwenye toleo kubwa ndiye anayechukuliwa. Ndiyo maana ulipoiondoa na kuiomba upya ilirudi ileile.

Na ndiyo maana tunaandika 1000. Kipaumbele cha 1000 na kuendelea ndicho pekee kinachoiruhusu apt kuchukua toleo ambalo kwa hesabu zake ni la nyuma kuliko lililopo. Ukiandika 900 au 990, kifurushi cha Mozilla kitapendelewa pale tu ambapo ganda halijasakinishwa. Likiwa limeshasakinishwa, apt haitashuka. Nimeona maelekezo mengi yenye 501 au 900, na wanaoyafuata wanabaki wakijilaumu bure.

Kabla ya kuendelea, kagua pia faili ulilotumia kuongeza hazina yenyewe, maana nalo lina masharti ya jina. Lililo ndani ya /etc/apt/sources.list.d lazima liishie na .list au .sources. La mtindo wa .list liwe na mstari huu mmoja:

deb [signed-by=/etc/apt/keyrings/packages.mozilla.org.asc] https://packages.mozilla.org/apt mozilla main

Sehemu iliyo ndani ya mabano ya mraba inaonyesha ufunguo ambao sahihi za hazina hiyo zitakaguliwa kwao. Hapa naomba uwe mkali. Programu utakayoisakinisha kwa sudo inaingia na mamlaka yote ya kompyuta, na kivinjari ndicho kitakachoshika nywila zako za benki na za mifumo ya serikali. Ufunguo unapakuliwa hivi:

wget -q https://packages.mozilla.org/apt/repo-signing-key.gpg -O- | sudo tee /etc/apt/keyrings/packages.mozilla.org.asc > /dev/null

Kisha uukague:

gpg -n -q --import --import-options import-show /etc/apt/keyrings/packages.mozilla.org.asc

Alama ya ufunguo itakayotokea inatakiwa iwe 35BAA0B33E9EB396F59CA838C0BA5CE6DC6315A3. Usilinganishe tarakimu nne za mwanzo na nne za mwisho tu, pitia yote, na uilinganishe pia na ile iliyoandikwa na Mozilla wenyewe kwenye ukurasa wao wa msaada. Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayokuambia utumie apt-key add, yaache. Ufunguo ulioingizwa kwa njia hiyo unaaminiwa kwa hazina zote za kompyuta yako. Huu wa signed-by unaaminiwa kwa hazina yake peke yake.

Sasa kusakinisha. Anza na mali zako. Firefox ya Snap huhifadhi alamisho, historia na nywila ndani ya folda yako, chini ya snap/firefox/common. Firefox ya apt haiangalii huko, hivyo ikifunguka mara ya kwanza itakuwa tupu, na watu hudhani wamepoteza kila kitu. Fungua hiyo ya Snap ungali nayo, bonyeza Ctrl, Shift na O kwa pamoja, na kwenye menyu ya Import and Backup hamisha alamisho ziwe faili la HTML. Kwa nywila, andika about:logins kwenye upau wa anwani, na kwenye menyu yake chagua kuzihamisha. Faili la nywila hutoka likiwa maandishi yanayosomeka na yeyote, kwa hiyo lisikae kwenye flashi inayozunguka shuleni, na ulifute mara tu ukishaliingiza kwenye Firefox mpya.

Halafu:

sudo apt install firefox

apt itakuonya kwamba kifurushi cha firefox kinashushwa toleo, kwa neno DOWNGRADED lenye herufi kubwa. Usishtuke, ndicho tulichokusudia, kwa ile hesabu ya 1 na 0. Kabla ya kubonyeza Y soma ukubwa wa upakuaji. Safari hii utaona makumi ya megabaiti, na hicho ndicho kitakachokatwa kwenye bando kwa kweli, maana nyuma yake hakuna anayengoja kuvuta kingine. Usiongeze -y kwenye amri hii. Apt hukataa kushusha toleo bila idhini yako ya wazi, na inafanya vyema.

Ukikutana na hitilafu ya "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend", kuna programu nyingine inayosakinisha kitu wakati huohuo. Mara nyingi ni masasisho ya usalama ya Ubuntu yanayojiendesha yenyewe dakika chache baada ya kuwasha kompyuta. Ngoja imalize. Kuna ushauri umeenea wa kulifuta faili hilo la lock. Niliwahi kuufuata kwenye kompyuta ya ofisi moja nikiwa na haraka, masasisho yakakatika katikati, na nusu ya vifurushi ikabaki haijakamilika. Amri ya sudo dpkg --configure -a iliokoa sehemu kubwa, lakini asubuhi nzima iliondoka. Dakika kumi za kungoja ni nafuu.

Kivinjari kikishaingia, fungua Firefox mpya, ingiza alamisho na nywila, itumie siku moja au mbili. Kwa muda huo utakuwa na aikoni mbili zinazofanana. Kujua ipi ni ipi, andika about:support kwenye upau wa anwani utazame mstari wa Application Binary. Ukianza na /usr/lib ni ya apt, ukianza na /snap ni ya Snap. Ukiridhika, ndipo uiondoe ya zamani:

sudo snap remove firefox

Snap ikiondoa programu huweka nakala ya data zake, na nakala hiyo hukaa siku 31 kabla ya kufutwa. Ukigundua kuna kitu umesahau, andika snap saved utaiona. Ila usiweke --purge kwenye amri ya kuondoa, maana hiyo huondoa bila kuweka nakala.

Nisikudanganye kuhusu kasi. Utakachopata ni kufunguka haraka zaidi mara ya kwanza baada ya kuwasha kompyuta, kwa sababu kifurushi cha Snap hukaa kwenye diski kikiwa kimebanwa kama faili moja, na hadi diski ya kuzunguka hutaabika kukifungua. Kurasa zenyewe hazitakuwa nyepesi. Vichupo ishirini vitaimaliza RAM ya gigabaiti 4 iwe Firefox ya apt au ya Snap. Ukipata fedha ya kuitengeneza laptopu hiyo, anza na SSD (diski isiyozunguka), hata ya gigabaiti 120. Hakuna badiliko la programu litakalokupa tofauti kama hiyo.

Na kuna kitu unakiacha nyuma, ukijue. Firefox ya Snap hutengenezwa na Mozilla hao hao, hufungiwa ndani ya uzio unaoizuia kugusa mafaili yaliyofichwa kwenye folda yako, na hujisasisha yenyewe bila kukuuliza. Kwa mtu mwenye intaneti isiyo na kikomo na kompyuta yenye SSD, ninamwambia abaki nayo. Kwako wewe unayetumia hotspoti ya simu na hadi diski, ninashauri apt. Lakini ukihamia apt, jukumu la kusasisha linakuja kwako. Masasisho ya Ubuntu yanayojiendesha hushughulikia hazina za Ubuntu. Ya Mozilla hayamo mpaka uyaongeze. Firefox mpya hutoka kila wiki 4, na kati yake hutoka marekebisho ya usalama. Jiwekee siku, tuseme Jumamosi, uandike:

sudo apt update
sudo apt install --only-upgrade firefox

Amri ya pili inasasisha Firefox peke yake, bila kuburuta mfumo mzima, na hilo lina faida bando likiwa limebaki kidogo. Snap nayo, hata baada ya Firefox kuondoka, ina programu nyingine inazozisasisha, na huangalia mara nne kwa siku. Kwenye mipangilio ya mtandao ya Ubuntu weka alama kwamba hotspoti yako ina kikomo cha data, kisha uiambie Snap isipakue ikiwa kwenye mtandao wa namna hiyo:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Nadhani hii peke yake ingekuokolea bando nyingi za nyuma.

Sasa maabara. Kompyuta nane bila intaneti hazikuzuii, ilimradi ziwe na Ubuntu ya toleo lilelile. Kwenye laptopu yako, ambayo sasa apt policy inaonyesha Mozilla, fungua folda tupu kisha:

apt-get download firefox

Hii haisakinishi. Inaleta faili moja la .deb kwenye folda uliyopo, na haihitaji sudo. Nakili kwenye flashi faili hilo pamoja na mengine matatu: ufunguo ulio kwenye keyrings, lile la sources.list.d na lile la preferences.d. Kwenye kila kompyuta ya maabara rudisha hayo matatu kwenye folda zilezile kwa sudo cp, kisha ingia kwenye folda ya flashi uandike:

sudo apt install --allow-downgrades ./firefox_*.deb

Nukta na mkwaju kabla ya jina la faili ni lazima. Bila hivyo apt itadhani unataja jina la kifurushi na itaenda kukitafuta kwenye hazina. Usitumie dpkg -i, kwa sababu yenyewe haipangi tegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo Firefox inavihitaji. Kikikosekana kitu inakuachia kifurushi kilichokaa nusunusu. apt ikikosa tegemezi itakataa mwanzoni kabisa na kukutajia jina lake, nawe utakwenda kulipakua kwa apt-get download vilevile. Kwa Ubuntu ya kawaida ya mezani sitarajii ukwame hapo. Mwishoni huenda ukaona mstari wa N unaosema upakuaji umefanywa "unsandboxed as root". Huo ni wa kawaida unaposakinisha kutoka kwenye flashi, na hauharibu kitu.

Kuna jambo moja la usalama kwenye njia hii ya flashi. Uaminifu wa apt haukai ndani ya faili la .deb. Hazina huwa na faili la orodha lenye sahihi, ndani yake mna alama za orodha za vifurushi, na ndani ya hizo mna alama ya SHA256 ya kila .deb, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Mnyororo huo apt huukagua inapopakua kutoka kwenye hazina. Unaposakinisha kutoka kwenye flashi, hakuna anayeukagua. Kwa hiyo chukua alama kwenye laptopu yako:

apt-cache show firefox | grep -E "Version|SHA256"

Tazama ile iliyo chini ya toleo ulilopakua, uiandike kwenye daftari, na ufikapo maabara uandike sha256sum firefox_*.deb. Zikilingana, endelea. Zikitofautiana hata herufi moja, futa faili hilo na urudi kupakua. Flashi za shule hupita kwenye mashine nyingi, na mimi binafsi sisakinishi kitu kwa sudo kutoka kwenye flashi ambayo sikuijaza mwenyewe.

Wapo walimu wenzako wenye mifumo mingine. Aliye na Linux Mint hana haja ya haya yote, kwa kuwa Mint walikataa Snap tangu toleo la 20 na hazina yao ina Firefox kamili. Amri ya sudo apt install firefox inatosha. Aliye na Debian akiambiwa "Unable to locate package firefox" aandike firefox-esr, ndilo jina la Firefox kwenye Debian thabiti. Na mwenye kompyuta ya biti 32 asihangaike na toleo jipya: Mozilla walisitisha Firefox ya Linux ya biti 32 baada ya toleo la 144.

Kompyuta za maabara zitakuwa zimebaki na toleo uliloliweka siku hiyo. Kila muhula unapofunguliwa, pakua .deb mpya na urudie amri ileile ya kusakinisha. Safari hiyo neno DOWNGRADED halitatokea. Na siku shule ikipata intaneti, yale mafaili matatu uliyoyaweka yatakuwa yapo tayari: apt upgrade ya kwanza itachukua Firefox kutoka Mozilla, na lile ganda halitarudi.